Kabla Hujalilaumu Kundi

Ganako, Jumapili jioni

Emiliana mwanangu,

Habari za sweta, blanketi na kutafuta kanisa mapema mama yako ameshazimaliza, sina la kuongeza. Wajomba zako bado wako sebuleni na sahani za makande, wanabishana ndege yako itapita juu ya nchi zipi mpaka ifike Afrika Kusini. Mimi nimejitoa nikaja huku nyuma kwenye banda la vifaa. Nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, daftari liko magotini, na nataka kuandika jambo moja nilimalize kabla hawajanitafuta.

Kulisema kwa mdomo nimejaribu mara tatu wiki hii. Juzi tulipokuwa tunachambua maharage uliniuliza, "Baba, mbona umenyamaza hivyo?" Nikakujibu ni vumbi limenikaa kooni. Nilikudanganya.

Nianze na likizo yako ya mwisho ya chuo, ulipokuja na ile kazi ya utafiti. Ulikaa dirishani siku nzima na kompyuta, na mimi nikija kunywa chai nakukuta unatazama madoa ya rangi kwenye kioo cha hiyo kompyuta. Nikakuuliza ni nini. Wewe huna tabia ya kunijibu kwa mkato kama watoto wengine wanavyowajibu baba zao. Ulivuta kiti, ukaniambia hizo ni galaksi za umbo la sahani, kama hii tunayoishi ndani yake. Ukaniambia nyota huzaliwa kutokana na gesi baridi, zaidi hidrojeni, na kwamba galaksi yenye gesi nyingi inaendelea kuzaa nyota changa na kuonekana ya buluu. Gesi ikiisha, uzazi unakoma, zinabaki nyota za zamani tu, na galaksi nzima inageuka kuwa nyekundu.

Mimi ni fundi wa maji. Nikauliza swali la fundi: "Sasa hiyo gesi inaishaje? Inatumika, inavuja, au haijazwi?"

Uliruka kwenye kiti. "Baba! Watu wanagombana miaka yote kuhusu hilo hilo!"

Ukanieleza taratibu. Kuna galaksi zinazoishi kila moja peke yake, na kuna zinazoishi kwenye makundi makubwa, mamia kwa pamoja. Ndani ya makundi hayo kumejaa gesi nyingine, nyembamba na ya moto sana. Galaksi ikipita humo kwa kasi, gesi yake baridi inasukumwa nje, kama makapi yanavyopeperuka tukipepeta maharage. Nyingine zinavutwa na majirani zinapokaribiana. Nyingine hakuna anayezipora chochote, ila gesi mpya imeacha kuingia kutoka nje, nazo zinakula akiba mpaka inakwisha. Na zile kubwa sana, joto lililomo ndani yake linaizuia gesi isipoe ikazaa nyota.

"Kwa mbali zote zinafanana," ulisema. "Zote nyekundu, zote hazina gesi. Kazi yangu ni kujua kila moja ilipatwa na nini."

Nilifurahi siku ile kuliko siku nyingi za maisha yangu, kwa sababu nilielewa. Hata ukaniambia kwamba kule unakokwenda kuna madishi makubwa jangwani yanayoisikiliza hidrojeni, nami nikaelewa kwa nini lazima uende.

Kisha baada ya wiki mbili nikakukuta mlangoni, kompyuta imefungwa, umeshika kichwa.

"Nimekosea, Baba."

"Nini?"

"Kuna galaksi moja nimeiweka kwenye ukurasa wa kwanza kama mfano. Iko pembeni mwa kundi kubwa na ina gesi kidogo, basi nikaona kesi imekwisha, nikaandika kwamba kundi ndilo limeipora. Leo ndiyo nimeitazama ramani ya gesi yenyewe. Ingekuwa imeporwa, kingo zake zingekatika, au gesi ingesukumwa upande mmoja ikaacha mkia. Hii imetulia. Gesi ni kidogo, lakini iko mahali pake mpaka kingoni. Imekula akiba yake na haikujazwa. Nimelisingizia kundi."

Unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema, "Si uiache tu? Moja kati ya mamia, nani atajua?"

Ukanitazama, wala si kwa hasira. Ukasema, "Kama nimeikosea hii niliyoitazama kwa karibu, zile nilizozipitia haraka je?" Ukafungua kompyuta ukaanza upya zote. Wiki tatu ulizirudia. Ripoti ikatoka na madai madogo kuliko uliyoyataka mwanzoni. Ulisema kwamba ndani kabisa ya makundi galaksi nyingi zinanyang'anywa gesi kweli, ila pembeni lazima mtu achunguze moja moja.

Siku uliponiambia umekosea sikula chakula, mama yako akadhani ni tumbo. Lilikuwa lile neno lako, kusingizia. Neno hilo nilikuwa nalo kifuani miaka kumi, na sikuwahi kulisikia likitamkwa wazi nyumbani kwangu.

Sasa nikueleze.

Ulikuwa darasa la sita. Unamkumbuka Naserian, mliyekuwa mnakaa dawati moja. Baba yake ni Mmasai wa Nainokanoka, lakini huyo baba mwenyewe, mama yake mzazi alikuwa Mwiraqw wa hapa hapa Ganako, na ndiyo maana alikuja na familia na ng'ombe wake akakaa kwenye kile kipande cha mjomba wake karibu na msitu. Mtu mpole. Aliongea Kiiraqw vizuri kuliko baadhi ya vijana wetu.

Mwaka ule maji yalipungua. Mradi wetu ni wa mserereko, maji yanatoka kwenye chemba ya chanzo kule juu msituni, yanashuka kwa bomba mpaka tanki, halafu vituo vya kuchotea. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kijiji. Wanawake walikaa kituoni tangu alfajiri kupata ndoo moja. Mama yako alikuwa mmoja wao, wewe uliwahi kukosa shule kwa ajili hiyo. Watu wakanijia: fundi, maji yako wapi? Na mimi nikasema neno lililokuwa jepesi kuliko yote. Nikasema, "Angalieni ng'ombe walioongezeka kule juu."

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Baba Naserian alisimama na fimbo yake, akasema maneno ambayo mpaka leo nikiwa nafunga bomba nayasikia:

"Ng'ombe wangu wanakunywa kwenye korongo, chini ya chanzo. Maji yenu yanaingia bombani juu. Ng'ombe atakunywaje maji yaliyo juu yake?"

Hoja ilikuwa safi, na mtu pekee pale aliyejua vizuri kwamba ilikuwa safi ni mimi. Mwenyekiti akanigeukia: "Fundi, unasemaje?"

Nikasema, "Wanakanyaga chanzo."

Sikuwa nimekwenda kuangalia. Mwanangu, lisome hilo tena. Sikuwa nimekwenda kuangalia. Kazi yangu ilikuwa kupanda msituni kila mwaka kabla ya mvua, kufungua chemba na kuisafisha. Miaka miwili mfululizo sikupanda, kwa sababu nilipata kibarua cha kufunga mabomba kwenye loji iliyokuwa inajengwa, na kwenye daftari la kamati ya maji niliandika kwa mkono wangu "chemba imesafishwa." Kwa kuogopa daftari lile kufunguliwa, nilimtupia mtu mwingine kosa. Wala sikumchukia. Alikuwa karibu, alikuwa wa tofauti kidogo, na watu walikuwa tayari kuamini.

Akapewa siku saba. Aliondoka na ng'ombe wake kurudi Nainokanoka, na Naserian akaondoka naye katikati ya muhula.

Maji hayakurudi. Miezi saba baadaye ndipo nilipanda peke yangu na jembe na panga. Nikainua mfuniko wa chemba. Mizizi ya mti uliokuwa pembeni ilikuwa imepenya ukutani, imejisokota kwenye mdomo wa bomba kama nywele, imekamata matope na majani, unene wa paja la mtu. Nyuma yake maji yalikuwa yamejaa, yanafurika pembeni na kupotelea ardhini. Chanzo kilikuwa kizima. Sikuona alama ya ukwato hata moja. Nilikata mizizi asubuhi nzima, na maji yalipoingia bombani yalinguruma mpaka nikakaa chini.

Niliposhuka nikakuta akina mama wanaimba kituoni. Mmoja akasema, "Mmeona? Ardhi imepumzika, wale ng'ombe wamekwenda." Nikasimama pale, mikono yangu bado ina utomvu wa mizizi, nikanyamaza. Waliniletea kuku, nikampokea. Mama yako aliiona mizizi niliyorudi nayo, akauliza nimeitoa wapi. Nikasema shambani.

Uongo wa mkutanoni ulikuwa wa dakika moja. Ule wa kunyamaza niliufanya kila siku, miaka kumi, na nakuambia kwa uhakika kwamba huo wa pili ndio mzito. Wa kwanza ningeweza kusema niliogopa. Wa pili niliamka nao asubuhi, nikanawa uso, nikaenda nao kanisani.

Basi baada ya wewe kurudi chuo kuwasilisha ripoti, mwaka jana tulipomaliza kuvuna mbaazi, nilivaa koti nikapanda bodaboda mpaka geti la hifadhi, njia ya Nainokanoka. Nikaeleza ninakokwenda, nikapata lori lililokuwa linapeleka mahindi kule juu, na mahali liliponiachia nikatembea. Ukungu ulikuwa mzito hata nikasikia kengele za ng'ombe kabla sijawaona. Mtu niliyemuuliza njia alinitazama viatu akacheka, lakini akanisindikiza.

Baba Naserian alikuwa ameketi nje ya boma kwenye jua lililokuwa linaanza kutoka. Amezeeka. Alinitambua kabla sijafika.

"Sopa, Baba Emi," alinisalimu kwa Kimasai, kama vile tuliachana jana.

Sikusubiri chai. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kila kitu, mpaka habari ya daftari. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja.

"Ulijua lini?"

"Miezi saba baada ya nyinyi kuondoka."

Akatikisa kichwa. "Mwaka ule wa kwanza nilikungoja. Nilijua lazima utapanda kusafisha, fundi hawezi kukaa bila kupanda. Nikamwambia mke wangu, akiona mwenyewe, atakuja. Mwaka wa pili nikaacha kungoja."

Tukaletewa chai ya maziwa. Tulikunywa. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akaweka kikombe chini.

"Mimi umeniambia, lakini mimi nilikuwa najua tayari. Kawaambie wasiojua."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikwenda kule kutafuta njia fupi. Nilitaka anisamehe yeye mlimani, kimya kimya, halafu nishuke nikiwa mwepesi na kijiji kisijue kitu.

Nikashuka. Mama yako nilimweleza usiku uleule. Hakunifokea. Alisema, "Nilijua ile mizizi haikuwa ya shambani," akageukia ukutani, na siku tatu hakuniambia zaidi ya "karibu chakula." Nilistahili siku hizo tatu, na hata zingekuwa thelathini.

Mkutano wa kijiji uliofuata niliomba nafasi ya kusema. Nilisema yote. Palikuwa na watu walionizomea, na palikuwa na wengine walioniambia baadaye njiani, "Fundi, mambo ya zamani ya nini? Yule si wa kwetu." Hao ndio walioniumiza zaidi ya waliozomea, kwa sababu walikuwa wanaongea lugha yangu ya zamani. Kamati ikaniondoa. Nilikuambia kwenye simu nimepumzika kwa sababu ya magoti. Magoti yangu ni mazima. Fundi sasa ni binti wa akina Tluway, mdogo kwako kidogo, na ana mkono mzuri. Mwezi wa tisa nilipanda naye bila cheo, nikamwonyesha mizizi inakopenyea. Nitapanda naye kila mwaka miguu ikiwa bado inanibeba. Hilo nimeliamua na halihitaji mkutano.

Kijiji kiliandika barua ya kumwita Baba Naserian arudi akitaka. Niliomba niipeleke mimi. Aliisoma polepole, akaikunja. "Nyumba yangu iko hapa sasa," alisema. "Lakini barua nitaitunza." Hiyo ndiyo iliyopatikana. Sikuandikii kwamba yote yalitengemaa, hayakutengemaa.

Emiliana, unakwenda kujifunza kwa nini galaksi zinazimika, na sitaki kujifanya mwalimu wako kwa jambo hilo. Galaksi haina dhambi wala haisemi uongo mkutanoni. Ila wewe unayeitazama ni mtu, na mtu ninamjua. Iko siku utachoka, utakuwa na haraka, na mwenye kosa atakuwa amekaa pale karibu, yuko tayari, kila mtu anamtazama. Panda ukafungue chemba kwanza. Ulishafanya hivyo mara moja mbele ya macho yangu, nami nilikushauri usifanye. Usinisikilize nikikushauri hivyo tena, wala mkubwa mwingine yeyote, hata awe na vyeti vingi namna gani.

Lakini usije ukaelewa nusu. Usiseme kwamba jirani hana kosa kamwe na kila anayeishiwa amejimalizia mwenyewe. Wewe mwenyewe uliniambia wako wanaoporwa kweli, wakipita tu katikati ya wengi. Baba Naserian aliporwa. Malisho, nyumba, shule ya mtoto. Na kundi lililompora lilikuwa sisi, na mimi ndiye niliyelielekeza kwake. Ukiona ushahidi kwamba kundi limepora, sema, hata kama wewe ni mmoja wa kundi.

Limebaki moja, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Siku ile nilipopeleka barua, Naserian alikuwepo. Ana watoto wawili na kaduka kadogo ka sukari, sabuni na vocha. Shule ilimwishia darasa la saba. Kutoka dukani alikuja mpaka nilipokaa akainamisha kichwa nimguse kwa salamu, kama alivyokuwa akifanya alipokuja kwetu akiwa mtoto. Nikamgusa. Akaniuliza habari zako kabla ya kitu kingine. Kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Siku ya mwisho darasani Emi aliniambia ng'ombe wetu wamekunywa maji ya watoto. Tulikuwa wadogo. Lakini sijasahau."

Nikamwambia, "Maneno yale yalikuwa yangu. Yeye aliyasikia mezani kwangu."

Nawe nakuambia hivyohivyo. Najua hujamtaja Naserian miaka yote hii, na sasa nadhani najua kwa nini. Ulichukua uongo wangu ukaenda nao shule, ukauamini kwa sababu ulikuwa unaniamini mimi. Usiusafirishe kesho. Ni mzigo wangu na ninaubeba.

Naserian alitaka kujua unasomea nini. Nikajitahidi. Nikamweleza sahani za nyota, gesi, makundi, zile za buluu na zile nyekundu, nikichora kwa kijiti mavumbini. Wateja wawili walisimama wakasikiliza. Alipoona nimemaliza akafikiri kidogo, halafu akaniuliza, "Na hiyo iliyoishiwa gesi, inaweza kujazwa tena ikazaa nyota?"

Nikamwambia sijui, lakini ninamjua anayejua. Akaniandikia namba yake kwenye kipande cha boksi la sabuni, nimekibandika nyuma ya karatasi hii. Hakuniomba namba yako, na mimi sikumpa.

Mjibu wewe.

Baba yako, anayekupenda na ambaye sasa hakufichi kitu